Njia ya Anayeshuka: Historia Fupi ya Kituo cha Basi Kilimanjaro

Asubuhi moja ya siku ya soko nilishuka kwenye Hiace katika mojawapo ya barabara zinazoteremka kutoka vihambani kwenda Moshi mjini. Mbele yangu alikuwa ameshuka mama mmoja wa makamo. Konda alimsaidia kujitwika mkungu wa ndizi juu ya ngata, mama akageuka ili aiache barabara. Hakufika hatua ya tatu. Kijana aliyekuwa akiteremka kwa baiskeli, madumu mawili ya maziwa yamefungwa nyuma, alikuwa akifuata ukanda mwembamba ulioachwa pembezoni mwa lami na kupakwa mstari mweupe. Wakagongana, wakaanguka wote wawili. Mama alivunjika mkono. Maziwa yalimwagika mtaroni mpaka tone la mwisho.

Watu walikusanyika, na kama ilivyo desturi yetu, hukumu ikaanza kabla ya huduma ya kwanza. Wengine walimtetea mama: ameshuka kituoni, angeshukia wapi kwingine? Wengine walimtetea kijana: ukanda ule ndio wa baiskeli, angepita wapi kwingine? Nilisikiliza pande zote mbili nikaona kwamba zote zilikuwa na haki. Kisha mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye ukingo wa kalvati akauliza swali moja tu: “Kijana, ulikuwa unapanda au unashuka?” Kijana akajibu kwamba alikuwa anashuka. “Basi ulipaswa kumsubiri mama yako apite,” akasema mzee.

Nimekaa na swali hilo muda mrefu. Mzee hakuuliza nani alikuwa ndani ya mstari na nani nje. Aliuliza nani alikuwa na kasi. Ninaamini kwamba swali lake ni la kihistoria na pia la kihandisi, na kwamba ubovu wa vituo vyetu vya basi umetokana na kusanifiwa na watu ambao hawakuwahi kuliuliza.

Sheria ya mfongo

Kabla ya kuwapo barabara mlimani, palikuwa na njia na palikuwa na mifongo. Mifongo ni ile mifereji ya maji ambayo Wachaga waliichimba kutoka kwenye makorongo ya juu na kuipitisha kwenye migongo ya vilima hadi vihambani. Wageni wa Ulaya waliofika karne ya 19, akiwamo Johannes Rebmann mwaka 1848 na Harry Johnston aliyekaa kwa Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1884, walikuta nchi iliyokwisha kupangwa: migomba, nyumba, mipaka ya masale, na maji yanayokwenda mahali ambapo yasingefika yenyewe.

Ustadi wa kuchimba ulikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa sheria. Aliye juu ya mfongo, karibu na chanzo, angeweza kuyafunga maji yote na kuwaacha walio chini na vumbi. Mlima wenyewe umempa nguvu hiyo, hakuichuma kwa jasho. Kwa hiyo zamu ziliwekwa, msimamizi wa mfongo akapewa mamlaka, kazi ya kusafisha ikawa ya wote, na asiyejitokeza akatozwa. Ukiitazama vizuri, sheria ya mfongo ni sheria ya kumzuia aliye juu. Aliye chini hana haja ya kuzuiwa, maana mteremko umekwisha kumzuia.

Njia za miguu zilifuata mteremko uleule. Kaya nyingi zilikuwa na kihamba juu na shamba la mahindi, maharage au ulezi chini tambarare. Mifugo ilifungwa nyumbani na kulishwa majani yaliyobebwa kutoka huko chini, na wabebaji wakubwa walikuwa wanawake. Anayepanda alikuwa na mzigo na mwendo wa polepole. Anayeshuka alikuwa mwepesi. Mzee wa kalvatini alikuwa akihukumu kwa kumbukumbu hiyo, iwe aliijua au hakuijua.

Mji uliohamia relini

Moshi tunayoijua leo si Moshi ya kwanza. Moshi ya kwanza iko juu, huko tunakokuita leo Old Moshi, makao ya Mangi Rindi na mwanawe Mangi Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake. Boma la kikoloni lilikuwa huko. Kisha reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika chini ya mlima mwaka 1911. Treni haipandi mlima kama mtu apandavyo. Ikasimama tambarare, na mji ukaifuata. Jina la Moshi likateremka pamoja na ofisi, maduka na maghala, na watu wakabaki juu.

Tukio hilo dogo la kiutawala ndilo lililotuachia tatizo la leo. Kazi, hospitali, soko na mahakama viliwekwa chini. Nyumba, migomba na makaburi ya mababu vikabaki juu. Mji uko kwenye kimo cha kama mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na ukanda wa vihamba unapanda hadi karibu mita 1,800. Kila asubuhi maelfu ya watu huteremka tofauti hiyo ya kimo, na kila jioni huipanda. Barabara za kuunganisha sehemu hizo mbili zilijengwa kwanza kwa ajili ya mizigo na magari ya utawala. Mtu wa miguu alitumika kuzijenga, mara nyingi kwa kazi ya lazima, lakini hakuwa sababu ya kujengwa kwake.

Baadaye kahawa iliongeza safari hizo. Chama cha wakulima wa kahawa cha KNPA kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikarithiwa na KNCU pamoja na vyama vyake vya msingi. Mkulima alibeba kahawa yake kichwani hadi ghala la chama, na lori likaichukua hapo kwenda mjini. Mahali ambapo mzigo ulitua kutoka kichwani na kupanda garini palikuwa, kwa maana halisi, kituo. Hakuna mhandisi aliyekichora. Kilichorwa na shingo iliyochoka.

Angalia majina ya vituo vyetu hadi leo: Njiapanda, Kwa Sadala, Marangu Mtoni. Ni njia panda, ni jina la mtu, ni mto. Watu walisimama pale palipokuwa na sababu ya kusimama, na magari yakajifunza kusimama walipo watu.

Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa viwango vya mauzo ya kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka. Mkulima wa Kilimanjaro aliyezoea kuuza mazao mara chache kwa mwaka kupitia chama alianza kutegemea zaidi kile kinachouzika kila siku: ndizi, maziwa, parachichi, mboga. Mauzo ya kila siku yanataka safari za kila siku. Wakati huohuo biashara ya usafiri ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na vifodi, kisha Hiace, zikajaza barabara za mlimani. Mama wa ndizi akawa abiria mkuu wa barabara ambayo haikuwahi kumfikiria, na kijana wa maziwa akawa dereva wake mwenyewe kwa baiskeli.

Gari likipisha, mtu hubanwa

Tanzania haikukosa sheria wala miongozo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 60. Wizara ya Ujenzi ilitoa Mwongozo wa Usanifu wa Jiometri ya Barabara mwaka 2011, na ndani yake vituo vya basi vina vipimo vyake. Kasi katika maeneo ya makazi ina kikomo cha kilomita 50 kwa saa. Kwenye makaratasi tumejitosheleza.

Tatizo liko kwenye wazo lililozaa michoro. Kituo cha kawaida katika barabara zetu ni ule mfuko wa lami unaochongwa pembeni ili basi litoke kwenye mkondo wa magari. Jiulize, msomaji, mfuko huo unamhudumia nani. Unalihudumia gari lililo nyuma ya basi ili lisisubiri. Ardhi ya kuuchonga inatoka pembezoni, na pembezoni ndipo walipo waenda kwa miguu na baiskeli. Barabara inakuwa pana zaidi mahali palepale ambapo njia ya miguu inakuwa nyembamba zaidi. Abiria anashuka, na hatua yake ya kwanza inatua kwenye njia ya mwingine. Mlimani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu nyuma ya njia hiyo kuna mtaro mrefu wa maji ya mvua. Mbele ana baiskeli, nyuma ana shimo, na kichwani ana mkungu.

Kwa hiyo mama na kijana hawakugongana kwa uzembe. Walikutanishwa na mchoro. Wanyonge wawili waliachiwa mita moja wagombanie, wakati aliyepewa mita zote nyingine alipita bila hata kupunguza mwendo. Huo ndio uzito wa kisiasa wa jambo hili: nafasi ya umma ikigawanywa vibaya, walio chini hulaumiana wao kwa wao.

Wengine walifanya nini

Hatuanzi sifuri. Katika miaka ya 1990, Temeke na Morogoro zilikuwa maeneo ya majaribio ya usafiri usiotumia injini chini ya programu ya sera za uchukuzi kwa Afrika Kusini mwa Sahara. Vivuko vilivyoinuliwa na njia za miguu na baiskeli vilijengwa na kupimwa katika mazingira yetu wenyewe. Mwaka 2001 mafunzo yake yalitolewa katika kitabu cha mwongozo kwa miji ya Afrika, kilichoandikwa na Marius de Langen pamoja na Mtanzania, Rustica Tembele. Ninawaomba wanafunzi wangu walitafakari hilo: sehemu ya elimu tunayoagiza leo kwa washauri wa nje ilipatikana Morogoro.

Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza Dar es Salaam, kati ya Kimara na Kivukoni, katika mradi uliojenga pia njia za miguu na za baiskeli. Vituo vyake vikuu viliwekwa katikati ya barabara. Uamuzi huo ulitatua jambo moja: mwendesha baiskeli aliye pembezoni hapiti tena mlangoni mwa basi. Lakini mkutano wa abiria na wengine haukufutwa; ulihamia kwenye kivuko. Nalo ni funzo la kwanza: huwezi kuufuta mkutano, unaweza tu kuchagua utokee wapi na kwa kasi gani.

Ulaya walichagua kwa njia tofauti. Uholanzi wamezoea kuipitisha njia ya baiskeli nyuma ya kituo, ili abiria washukie kwenye kisiwa, kisha wavuke njia ya baiskeli wakiwa wametulia. Denmark wana kanuni yenye pande mbili: palipo na kisiwa, abiria humpisha mwendesha baiskeli, pasipo na kisiwa, pale abiria anaposhukia moja kwa moja kwenye njia ya baiskeli, mwendesha baiskeli ndiye asimame. London walipojenga vituo vya namna hiyo Stratford mwaka 2013, ubishi ulizuka na haujaisha: watu wasioona walisema kwamba baiskeli haina mlio, na kwamba kisiwa kinachomfaa anayeona kinaweza kuwa mtego kwa asiyeona. Hilo ni la kusikilizwa kabla ya kumwaga zege, si baada.

Kanuni ya Denmark inakaribia swali la mzee wetu: inauliza nani apishe, na jibu linategemea mahali. Lakini Denmark ni nchi tambarare. Haina sura ya kitabu inayohusu baiskeli yenye madumu ya maziwa kwenye mteremko wa Kibosho au Marangu. Sura hiyo tunapaswa kuiandika sisi.

Kituo cha mlimani kina pande mbili

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtu anayetembea kwa kawaida huenda kama mita moja na robo kwa sekunde. Kuvuka njia ya baiskeli yenye upana wa mita 2 kunamchukua sekunde moja na nusu hadi mbili, na mwenye mzigo kichwani huchukua zaidi. Baiskeli inayoshuka kwa kilomita 30 kwa saa huenda zaidi ya mita 8 kwa sekunde. Katika muda ambao mama anavuka, baiskeli imesogea mita 12 hadi 16, na hapo hatujahesabu uzito wa maziwa wala breki zilizolowa masika. Upande wa pili wa barabara hiyohiyo, baiskeli inayopanda huenda kwa mwendo wa miguu, na mara nyingi mwenyewe ameshuka anaisukuma.

Kutokana na hesabu hii ninafikia hoja yangu kuu: katika barabara ya mlimani, kituo cha upande wa kupanda na kituo cha upande wa kushuka ni vitu viwili tofauti, na kuvichora sawasawa kama picha na kivuli chake ni kosa.

Upande wa kupanda, baiskeli na miguu vinaweza kushirikiana eneo moja pana bila hatari kubwa. Fedha ya kujenga kisiwa hapo ni afadhali itumike kufunika mtaro kwa zege, ili abiria wapate mahali pa kutua mzigo. Upande wa kushuka ndiko kisiwa kinakohitajika, chenye upana wa kumtosha mtu mwenye mkungu ageuke bila kumpiga mwenzake, mita 2 na nusu au zaidi. Njia ya baiskeli ipite nyuma yake, lakini kabla haijafika kituoni ipindishwe kidogo, kisha ipandishwe hadi usawa wa njia ya miguu, ili mwenye baiskeli ahisi mwilini kwamba ameingia eneo la wengine. Hapo anayeshuka ndiye apishe. Ukingo wa kivuko uwe na vigae vyenye vinundu ambavyo mtu asiyeona atavitambua kwa mguu au kwa fimbo. Masale hayakuweka mpaka kwa kuchorwa chini. Yalisimama, yakaonekana, yakaguswa. Mstari wa rangi peke yake, unaofutika baada ya masika mbili, si mpaka.

Najua pingamizi la kwanza: bodaboda zitaingia kwenye njia hiyo. Zitaingia. Nguzo inayoweza kuzuia pikipiki itazuia pia baiskeli yenye mzigo na kiti cha magurudumu. Ndiyo sababu nasisitiza umbo kuliko katazo. Kizingiti kilichoinuliwa hakisomi leseni. Kinampunguzia mwendo kila anayekipita.

Pingamizi la pili ni maji. Chochote kinachoinuliwa kwenye mteremko hugeuka bwawa au hubomolewa na mkondo. Jibu liko kwenye historia yetu: babu zetu waliyavusha maji kwenye mabonde kwa magogo yaliyochongwa. Wajukuu wenye zege na mabomba hatuwezi kushindwa kuyapitisha chini ya kivuko.

Pingamizi la tatu ni wafanyabiashara. Mama mwenye meza ya ndizi yuko kituoni kwa sababu abiria wapo, na abiria wanajisikia salama kwa sababu yeye yupo. Tukimfukuza leo atarudi kesho, na atarudi katikati ya njia. Apangiwe mahali pake kwenye mchoro tangu siku ya kwanza, nyuma ya njia ya baiskeli, aonane na abiria bila kuwazuia.

Nani ashike zamu

Mfongo ulidumu kwa sababu ulikuwa na mwenyewe. Vituo vyetu havina. Barabara kuu na ya mkoa iko chini ya TANROADS, barabara za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, ushuru wa kituo ni wa halmashauri, na makosa ni ya polisi wa usalama barabarani. Kila mmoja ana kipande chake, na mita ile moja ambayo mama aliangukia haimo kwenye kipande cha yeyote.

Kwenu watumishi wa umma: kabla ya kupitisha mchoro wa kituo chochote cha mlimani, andikeni juu ya karatasi jibu la swali la mzee, nani anapanda na nani anashuka. Kwenu wanaharakati: msiridhike na neno “njia ya baiskeli” kwenye taarifa ya mradi, ulizeni inapofika kituoni inakwenda wapi. Nanyi wanafunzi: chukueni futi kamba na saa, nendeni kituo kimoja siku ya soko, mpime upana na mwendo. Karatasi moja ya vipimo ina nguvu kwenye mkutano wa bajeti kuliko hotuba kumi, pamoja na hii yangu.

Mkono wa yule mama ulipona, ingawa anasema hawezi tena kuubeba mkungu mzima. Sasa anauza zilizokatwa vichane. Kijana bado anapeleka maziwa. Nilikutana naye hivi karibuni palepale. Alikuwa ameshuka kwenye baiskeli na anaikokota kukipita kituo, huku madereva wakimpigia honi aondoke njiani. Peke yake, bila mchoro wala alama, anaitii sheria ambayo barabara haijawahi kumfundisha.